Ile Biblia ya Uturuki Imerudi Tena Kwenye Simu Zenu

Najua mlipo saa hizi. Jua la Garissa bado linachoma, akina mama wa maziwa ya ngamia kule Soko Mugdi wanasuuza madumu yao, dereva wa bajaji amejificha kivulini, na vijana wamekaa chini ya mwarobaini, miraa mbele yao na simu mkononi. Hiyo simu ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Tena.

Ujumbe umerudi. Uleule. Picha ya kitabu cha ngozi nyeusi, herufi za dhahabu, na chini yake maneno ya kelele: Biblia ya miaka 1500 imepatikana Uturuki, ni Injili ya Barnaba, Vatikani inatetemeka, watumie watu ishirini. Ulianza kuzunguka mwaka 2012 na hauzeeki. Juzi umegombanisha watu wazima wawili ndani ya bajaji, mpaka dereva akawashusha wote kabla ya daraja la Tana na nauli akasamehe. Kabla ya hapo kilikuwa chumba cha walimu cha shule moja ambayo sitaitaja: mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, na mwalimu wa IRE, la Kiislamu, waliokuwa wakinywa chai birika moja, sasa hawasalimiani. Kwa picha! Picha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuisoma!

Waliokuwa na uwezo wa kuisoma waliisoma. Maandishi yale ni ya Kisiria, na Waashuri wenyewe walipotazama ukurasa ulioonyeshwa walisoma kwamba kitabu kiliandikwa na watawa wa Ninawi katika mwaka 1500 wa Bwana. Umesikia? Mwaka wa 1500, si miaka 1500. Aliyeanzisha uvumi aliona tarakimu akaigeuza umri, na wewe ukamwamini kwa sababu imekuja na alama tatu za moto.

Injili ya Barnaba ipo kweli, sibishi. Mswada wake wa Kiitaliano uko Vienna, kwenye maktaba ya taifa ya Austria, na wapenzi wa mihadhara wanategemea tafsiri yake ya Kiingereza iliyochapishwa Oxford mwaka 1907 na mume na mke, Lonsdale na Laura Ragg. Tatizo ni yaliyomo. Kitabu hicho kinamfanya Yesu asafiri kwa merikebu hadi Nazareti. Nazareti iko vilimani, haina bahari wala ziwa. Ni kama mtu akwambie ameshuka jahazi Wajir. Kinasema pia kwamba yubile huja kila miaka 100. Torati inasema 50. Aliyeweka yubile ya miaka 100 ni Papa Bonifasi wa Nane, mwaka 1300, na haikudumu, kwani Papa mwingine aliirudisha 50 mwaka 1343. Basi aliyeandika mstari huo aliishi lini? Hesabu mwenyewe. Kazi ya mwanazuoni ndiyo hiyo: anakishika kitabu, anakipima na nchi, na tarehe, na karatasi yake. Hapigi kelele.

Na msichanganye hiki na Waraka wa Barnaba. Huo ni maandiko mengine kabisa, ya zamani kweli.

Wakristo, mnacheka? Ngojeni zamu yenu. Kuna mswada unaoitwa Kodeksi ya Sinai, wa karne ya 4, ambao Mjerumani Konstantin von Tischendorf aliukuta katika Monasteri ya Mtakatifu Katerina kule Sinai. Mara ya kwanza ilikuwa 1844. Sehemu kubwa yake sasa iko London. Wasovieti waliwauzia Waingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Mswada huo una Agano Jipya zima, lakini Injili ya Marko inakoma sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wamekimbia kaburi kwa hofu. Ile mistari 12 ya mwisho, yenye habari ya kushika nyoka, haimo. Nilipolitaja hili mbele ya vijana wa kanisa, mmoja alisimama akasema ni njama ya Waislamu. Njama gani, mwanangu? Habari hiyo imo kwenye tanbihi za Biblia nyingi zinazochapishwa na Wakristo wenyewe! Hujawahi kushusha macho hadi chini ya ukurasa, basi.

Haohao ndio wanaonitumia magurudumu ya magari ya Farao yaliyookotwa Bahari ya Shamu, na safina ya Nuhu kila mwaka kwenye mlima mpya. Nani ameyapima? Yako jumba gani la makumbusho? Kimya.

Halafu kuna hili la Nikea, ambalo pande zote mbili hulirudia kama kasuku: eti mwaka 325 Mfalme Konstantino alikaa na maaskofu wakapiga kura vitabu gani viingie na vipi vichomwe. Mtaguso wa Nikea ulijadili mafundisho ya Ario, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya makasisi. Kanuni zake 20 zipo, zisome. Orodha ya vitabu haimo. Orodha ya kwanza tuijuayo yenye vitabu 27 hivihivi vya Agano Jipya ilitoka Afrika, kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Na hata hapo si wote waliofuata. Kanisa la Siria liliendelea muda mrefu na vitabu 22. Ethiopia wanahesabu 81 kwa Biblia nzima mpaka leo.

Ethiopia hapa jirani, watu wa Mandera mnaitazama ng'ambo ya mto! Kwenye monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, kuna Injili zilizoandikwa juu ya ngozi kwa Kigeʼezi, na vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya mwaka 330 na 650 hivi. Masahaba walipokimbilia kwa Najashi, mfalme wa huko, huenda baadhi ya ngozi hizo zilikuwa zimeshaandikwa. Hilo silioni likisambazwa. Halina wa kumtukana.

Mtaniambia huu uchunguzi ni mambo ya Wazungu wasiomjua Mungu. Ukipanda basi la Nairobi, ukifika Mwingi uko kaunti ya Kitui. Huko ndiko alikozaliwa John Mbiti, mwaka 1931. Alichukua udaktari wa Agano Jipya Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere, na uzeeni akatafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Alijua wataalamu wengi wanaziweka nyaraka za Paulo kabla ya Injili zote nne, na Marko karibu na mwaka 70. Alibaki kasisi hadi alipofariki 2019.

Na wewe sheikh wangu, wewe mwanafunzi wa madrasa, nashangaa kuliko wote. Ulilelewa kuuliza isnadi: nani kasema, kasikia kwa nani, huyo alikuwa mkweli au mwongo? Maimamu walitupa hadithi kwa sababu ya mpokezi mmoja dhaifu. Leo unapokea video ya mtu asiye na jina, sauti ya mashine, na unaituma kabla haijaisha!

Mji huu una makaburi. Julai 2012 makanisa mawili yalishambuliwa hapa siku ya Jumapili, na baada yake viongozi wa Kiislamu walikubaliana vijana wao walinde makanisa. Shambulio la chuo kikuu la Aprili 2015 sihitaji kulieleza. Sisemi ujumbe wa simu ulifyatua risasi. Nasema katika mji wenye historia hiyo, dhihaka juu ya kitabu cha jirani si mchezo wa kumalizia miraa.

Kodeksi ya Sinai imewekwa yote kwenye intaneti tangu 2009, bure, ukurasa kwa ukurasa. Bando ni ileile. Wazazi, usiku huu mchukulieni simu yule wa kidato cha pili, mwone ametuma nini tangu asubuhi. Na aliye na picha ya kitabu cheusi, aifute.