Menyu ya Simu na Rimoti ya LUKU: Kero za Kiolesura na Kanuni za Kuziondoa

Kiolesura ni ile sehemu ya chombo inayokutana na mtumiaji: vitufe anavyobonyeza, maandishi anayosoma, mlio au taa inayompa habari. Mkula, mkoani Simiyu, kama vijijini kwingi Tanzania, watu wengi hukutana na violesura viwili kabla ya vingine vyote, yaani menyu ya kutuma pesa kwa simu na rimoti ya LUKU, kifaa cha kuingizia tokeni za umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Mtu akikosea kwenye menyu husemwa kwamba hajui simu. Kauli hiyo si ya haki. Kosa linalofanywa na watu wengi, mahali palepale na kwa namna ileile, linatoka kwenye chombo. Hoja hiyo aliitetea mtaalamu wa ubunifu Donald Norman katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu ubunifu wa vitu vya kila siku, akitumia mfano wa milango ambayo watu huivuta kumbe ni ya kusukuma.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Menyu yake hapa nchini, inayofunguliwa kwa *150*00#, hupita kwenye USSD, njia ya mawasiliano isiyohitaji intaneti wala simu janja. Hiyo ndiyo nguvu yake, maana hata kiswaswadu kinatosha. Ila njia hiyo ina mipaka: ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, na mtumiaji akikawia, mtandao humkatia. Mama mfanyabiashara anayetuma karo ya mtoto aliyeko Bariadi huingiza namba, kisha kiasi. Akiinua macho kumhudumia mteja, anaporudi skrini imefungwa na inambidi aanze upya. Kero huwa kubwa zaidi menyu inapokatika baada ya namba ya siri. Pesa imekwenda au haijakwenda? Akirudia upesi huenda akatuma mara mbili. Akisubiri, huenda karo ikachelewa. Mtaalamu wa violesura Jakob Nielsen, katika kanuni kumi za ubunifu wake alizozichapisha mwaka 1994, aliweka ya kwanza kuwa mfumo umweleze mtumiaji wakati wote kinachoendelea. Kwa menyu ya pesa, maana yake ni kwamba ujumbe wa muamala ulioshindikana ufike upesi na kwa uwazi uleule wa muamala uliofanikiwa.

Kanuni nyingine ni kuzuia kosa kabla halijatokea. Kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri kumewaokoa wengi. Kiasi nacho kinahitaji uangalifu huohuo. Kwenye skrini ndogo, 50000 na 500000 hutofautishwa kwa sifuri moja tu, na jicho lililochoka halizihesabu. 50,000 na 500,000 husomeka mara moja. Mpangilio wa hatua pia hukinga. Mashine nyingi za ATM hurudisha kadi kwanza ndipo zitoe pesa, kwa kuwa mtu akishashika alichokifuata huondoka, na kadi ingebaki ndani.

Rimoti ya LUKU ina kero ya aina yake. Kwa kawaida anayenunua umeme hupewa tokeni ya tarakimu 20 aziingize kwa mkono. Mwaka 2024 wateja wa shirika la umeme, TANESCO, walitakiwa kuboresha mita zao, hivyo wakapewa makundi matatu, jumla tarakimu 60, yaingizwe kwa mfuatano. Chanzo kilikuwa cha zamani. Mfumo wa kimataifa wa tokeni huhesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Uamuzi wa wahandisi wa miaka thelathini iliyopita ukawa kazi ya vidole vya mwenye nyumba, tena pengine gizani, uniti zikiwa zimekwisha. Kuandika tokeni kwa makundi ya tarakimu nne nne husaidia, kwa kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Suluhisho kamili zaidi ni mita inayopokea uniti moja kwa moja baada ya malipo, ili tarakimu zishughulikiwe na mashine zenyewe.

Jambo linalostahili uzito kuliko yote ni kumbukumbu ya mkono. Mzee wa Kisukuma asiyesoma vizuri haisomi menyu. Amekariri njia yake: moja, kisha namba, kisha kiasi. Kampuni ikipachika huduma mpya juu ya orodha, namba zote zinasogea na njia yake inapotea. Hapo humkabidhi wakala au mjukuu simu pamoja na namba ya siri, na ulinzi wote uliojengwa kwa gharama kubwa unaishia mkononi mwa mtu mwingine. Huduma mpya iwekwe mwisho wa orodha, na namba iliyozoeleka isiguswe.

Kuyagundua haya hakuhitaji fedha nyingi. Mwaka 2000 Nielsen alieleza kwamba kujaribu na watumiaji watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro za kiolesura. Lakini jaribio lifanyike mahali chombo kinapotumika: gulioni, jua la saa saba likipiga skrini, kwa simu ambayo maandishi ya vitufe yamefutika. Mtumiaji apewe kazi halisi, kama kununua umeme wa 5,000, na mbunifu akae kimya bila kumwelekeza. Kinachoandikwa ni mahali aliposita, kitufe alichobonyeza kwanza, na swali alilomuuliza aliyekaa jirani. Swali hilo ndilo menyu ilitakiwa iwe imelijibu.