NASAHA KWA WASAFIRI: UMEME WA UGENINI NA PLAGI ZAKE



Kila mwaka wenzetu husafiri nje kwa masomo, matibabu, biashara na Hija, nao hawakosi kubeba chaja, pasi au birika la umeme. Wengi huuliza, "Plagi yangu itaingia?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kujua umeme wa huko ni wa volti ngapi.

Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, na soketi zetu nyingi ni za matundu matatu ya pembe nne, kwa mfumo wa Kiingereza. Aendaye Oman, Dubai au Uingereza hana taabu, kwani soketi ni hizo hizo. Saudia ilitumia volti 127 majumbani kwa miaka mingi; mwaka 2010 ndipo ilipoamua kuhamia 230 hatua kwa hatua.

Taabu iko Marekani, kwenye volti 120, na Japani, kwenye 100. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu; umeme wenyewe haubadiliki hata chembe. Pasi yetu ikifika Marekani hutoa kiasi cha robo ya joto lake, na mwenyewe hudhani imeharibika. Kinyume chake ndicho chenye hatari. Pasi ya New York ikichomekwa hapa Unguja hupata volti karibu maradufu, na joto lake hukaribia mara nne. Nyumba huweza kuteketea.

Basi someni maandishi madogo yaliyo kwenye chombo. Palipoandikwa 100–240V, adapta yatosha. Chaja nyingi za simu na kompyuta ziko hivyo. Palipoandikwa volti za nchi moja tu, kiacheni nyumbani. Transfoma ipo, lakini ya kutosha pasi huwa nzito kuliko pasi yenyewe. Sioni faida yake.

Tuache pia mtindo wa kutia kalamu katika tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na pini yake ndefu ndiyo ifunguayo vifuniko vya matundu ya chini yenye umeme. Vifuniko hivyo viliwekwa kuwakinga watoto.

Na wanaoagiza vyombo vikuukuu kutoka Japani wasome maandishi hayo kabla ya kulipa. Muuzaji wa Osaka halazimiki kujua volti za Unguja.