Mchango wa Oktoba: Tumfikie Mkulima Kabla ya Mvua

Hotuba ya kamati kwenye hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani



Hatuna haja ya kuwaeleza njaa ni nini. Tumekulia katika nchi ambayo wazee huhesabu miaka kwa njaa zake, na Mtunya, ile njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, bado ina jina lake hadi leo. Kwa hiyo leo hatutazungumzia huruma, maana hiyo mnayo tayari. Tutazungumzia kalenda.

Nyumbani tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, humalizika Machi au Aprili, na kwa mwaka wa kawaida huleta milimita 500 hadi 600. Ukiijumlisha, si mvua ya kukatisha tamaa. Tabu iko kwenye mpangilio wake. Huja mara moja, watu wakapanda, kisha ikapotea wiki mbili au tatu. Januari au Februari jua hushika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Halafu hunyesha siku moja ikajaza makorongo na kukata barabara. Jua kali si geni Ugogo, lakini joto linavyoongezeka duniani udongo hukauka upesi zaidi, na pengo la wiki mbili ambalo zamani mmea ungelivumilia sasa laweza kuumaliza.

Tupige hesabu ndogo. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya ekari moja ni kama lita 80,000 za maji. Shamba ambalo limeberegwa, yaani limefyekwa, likachomwa moto na kupandwa bila kutifuliwa, lina ngozi ngumu kama sakafu. Sehemu kubwa ya maji hayo huteremka korongoni ikiwa imebeba na udongo mzuri. Kwa hiyo mkulima wetu mara nyingi hakukosa mvua. Mvua ilimpitia.

Hapo ndipo wakulima wenyewe walipoanzia. Mashimo ya chololo mnayoyasikia yalibuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo, jirani zetu hapo Dodoma, na yamechukua jina la kijiji. Shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 90. Mistari hukata mteremko, samadi hutiwa ndani, na udongo uliochimbwa hufanya ukingo wa kuzuia maji. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, na mmea una cha kunywa jua linaporudi.

Sasa tuseme na ugumu wake. Kwa vipimo hivyo, ekari moja ina karibu mashimo 7,500. Kijana mwenye nguvu atayachimba kidogo kidogo. Bibi anayelea wajukuu hawezi peke yake. Tena kazi hiyo hufanywa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, kabla tone la kwanza halijaanguka. Mwenye ng'ombe anaweza kutumia ripa, jembe la kukokotwa linalochana mstari bila kugeuza udongo. Asiye na ng'ombe hukodi, na kukodi ni fedha.

Jambo la pili ni mbegu. Mtama wa Macia huiva kwa takriban miezi mitatu na nusu, hivyo mvua ikikatika mapema mkulima haendi mikono mitupu. Aina za Hakika na Wahi zilitolewa ili kukabiliana na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Ekari moja huhitaji kilo 3 hadi 4 tu, na kwa kuwa si chotara, mkulima anaweza kuchagua masuke mazuri na kupanda tena msimu unaofuata. Lakini tusipambe. Mtama mweupe wa mapema huwaita kwelea kwelea, na anayepanda peke yake hulisha ndege wa kata nzima, huku watoto wakiacha shule kwenda kuwinga. Ndiyo maana kijiji kinapaswa kupata mbegu pamoja na kupanda pamoja. Na mahindi? Wenzetu wanayapenda, hatutawagombeza. Tunachosema ni kwamba yasibaki peke yake shambani. Uwele, mtama, kunde na karanga vikae navyo.

La tatu ni miti. Wenye umri wanakumbuka mradi wa HADO, ulioanza mwaka 1973. Kondoa mifugo iliondolewa mwaka 1979, na kwetu Mvumi mwaka 1986. Ardhi ilipona, majani yakarudi, lakini mfugaji alibeba mzigo mkubwa. Leo kuna njia nyepesi, inayoitwa Kisiki Hai. Chini ya mashamba yetu mizizi ya miti iliyokatwa bado inaishi. Mkulima huchagua chipukizi chache kwenye kisiki, hupogoa nyingine, huweka alama na kuzilinda. Hanunui mche wala hamwagilii. Gharama yake ni makubaliano ya kijiji kwamba chipukizi hizo hazitaliwa wala kukatwa.

Ndugu zetu, mmeona kwamba yote haya hufanyika kabla ya mvua au inapoanza. Sasa angalieni mfuko wa mkulima. Juni na Julai anavuna, anadaiwa ada na madeni ya dukani, anauza gunia kwa bei ya chini. Januari ghala ni tupu, na bei imepanda. Hapo hutoka kwenda kibarua shambani kwa mwingine ili watoto wale jioni. Ni wiki zile zile ambazo shamba lake linahitaji palizi. Mwezi wa tatu mazao yakiwa hafifu tunasema ni ukame. Ukame upo, lakini sehemu ya hasara ilianza na njaa ya Januari.

Michango ya chakula ya mwezi wa tatu imeokoa watu, na mwaka mbaya ukija itatakiwa tena. Tunachoomba mwaka huu ni kuiwekea mwenzake: mchango unaofika nyumbani kabla ya mwisho wa Oktoba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatuombi trekta. Kongwa, mlango wa pili kutoka kwetu, mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo mingi na fedha nyingi kwa ajili ya Mpango wa Karanga. Ardhi ngumu na ukame viliwashinda, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Tunaomba vitu vitatu vidogo. Kwanza, malipo ya vijana wa kijiji watakaochimba mashimo ya robo ekari kwa kila kaya ya mzee, mjane au mgonjwa. Hayafiki mashimo 2,000, na kaya itaongeza yenyewe mwaka unaofuata. Pili, mbegu iliyothibitishwa ya mtama na uwele, iwe mikononi mwa watu kabla ya Novemba. Tatu, mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, inayozuia wadudu bila dawa, ili anayevuna Juni awe na chakula Januari na asilazimike kuliacha shamba lake.

Kadi ya ahadi iko mbele yako, na gharama ya kila kimoja imeandikwa. Majina ya kaya zitakazosaidiwa yatapitishwa na mkutano wa kijiji, na hesabu zitabandikwa ofisini ambako kila mtu atazisoma. Asiye na fedha leo aandike tarehe, ila isipite Oktoba. Na ukipiga simu nyumbani wiki hii, usiulize tu kama mvua imenyesha. Uliza kama mbegu ipo ndani, na kama mashimo yameanza kuchimbwa.