Mtoto wa Darasa la Kwanza Ameshamaliza Kidato cha Nne



Nitaanza na hesabu ya mtoto mmoja tu. Mwaka 2013, wakati wa kampeni, Wakenya tuliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapata laptopu. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, kama hakurudia darasa, mwaka 2025 amefanya mtihani wa kidato cha nne. Ameshaota ndevu. Vifaa vyenyewe vilianza kupelekwa shuleni mwaka 2016, na vikaja vishikwambi badala ya laptopu. Sisemi havikuja, maana nchi nzima viligawiwa zaidi ya milioni moja. Ninalouliza ni hili: shule ya mwanao ilipata vingapi, vingapi vinawaka leo, na ni nani aliyewahi kukusomea hesabu hiyo kwenye mkutano wa wazazi? Usinijibu mimi. Kamuulize mwalimu mkuu, tena kwa adabu, maana mara nyingi naye aliletewa masanduku tu akaambiwa atie sahihi.

Mwaka 2022 ikaja ahadi mpya. Kilomita 100,000 za faiba. Intaneti ya bure sehemu 25,000 za umma. Na kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi zote 1,450 za Kenya. Hapa ndipo pazuri, kwa sababu ahadi ya kila wadi yahesabika hata kwa vidole. Eneo bunge la Garsen lina wadi 6. Kaunti yote ya Tana River ina wadi 15. Basi Garsen twadai vituo 6, na kaunti 15. Akija mheshimiwa akasema kazi yaendelea, mwambie atutajie wadi moja moja: kituo kiko jengo gani, kina kompyuta ngapi, kinafunguliwa saa ngapi, nani analipa bili ya stima. Neno "yaendelea" si idadi.

Kuna watu watasema, Kau tuna shida ya maji, shida ya barabara, mafuriko yametupiga mwaka 2023 na tena 2024, sasa wewe watuletea habari za kompyuta. Nawaelewa. Lakini hebu tazameni huduma zimehamia wapi. Cheti cha mwenendo mwema, mkopo wa chuo, leseni, usajili wa bima ya afya, kazi ya kaunti yenyewe, vyote ni mtandaoni. Ukikosa maji wajua umekosa maji. Ukikosa nafasi ya kazi iliyotangazwa kwa tovuti ikafungwa kabla hujasikia, hujui hata kwamba ulikuwa na haki ya kuiomba.

Na yule anayesikia, afanyaje? Ana simu ya kabambe, haiingii tovuti. Apande pikipiki atafute saiba. Pale saiba amkute kijana mchangamfu, amfungulie akaunti ya eCitizen, na kwa kuwa mwenyewe hana barua pepe, kijana atumie yake, na nambari ya siri aibuni yeye. Baada ya mwezi akitaka huduma nyingine hana budi kurudi kwa kijana yule yule na kulipa tena. Kijana akihamia Malindi, basi tena. Huyo mtu kwenye takwimu atahesabiwa kuwa ameunganishwa, ilhali funguo za nyumba yake ziko mfukoni mwa mwingine. Sensa ya 2019 ilionyesha ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya waliokuwa wakitumia intaneti, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Hiyo ni Kenya nzima, Nairobi ikiwemo. Ukitoa miji, fikirieni wenyewe pangebaki nini.

Kisha tunaambiwa nchi inaingia "uchumi wa maarifa". Jina kubwa, lakini Kau yaujua uchumi huo zamani. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa soko la mtoni. Mali ya Tana ilishuka kwa mitumbwi, ikafika hapa, ikaenda Kipini na baharini. Wazee wale walikula kwa kujua: kujua mto, kujua maji kupwa na kujaa, kujua bei ya pwani. Na waliokuwa mbali walipojua zaidi yao, mambo yakaamuliwa bila wao. Mwaka 1885 Wajerumani wakatangaza himaya yao Witu, na mwaka 1890 wakaiachia Uingereza kwa mkataba uliotiwa sahihi Ulaya. Leo mkulima wa mpunga ambaye maji ya chumvi yanapanda mtoni hadi shambani kwake, na mvuvi anayetaka kujua upepo wa kesho, wana haja ile ile ya habari, kwa wakati na kwa lugha yao. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, Ibara ya 7 ya Katiba. Mafunzo yakiletwa kwa Kizungu kitupu, kataeni. Mama mwenye duka hapa ana akili ya hesabu kuliko mkufunzi, ila lugha ndiyo itakayomfukuza darasani.

Sasa, tumuulize nani? Hapa ndipo tunapozungushwa. Ukienda kaunti waambiwa hilo ni la serikali kuu, ukienda serikali kuu warudishwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Mawasiliano ya simu na intaneti, na shule za msingi na sekondari, ni serikali kuu. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni kaunti. Kwa hivyo mnara usioshika netiwaki si kosa la gavana, lakini chuo cha ufundi kisicho na somo la kompyuta msimtafutie mwingine. Tena kuna Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni za mawasiliano, na kazi yake hasa ni kufikisha mtandao mahali ambapo kampuni haioni faida. Kama si sisi, ni nani? Tana River iliorodheshwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotengwa tangu orodha ya kwanza ilipotolewa.

Pia tusisahau kitambulisho. Bila hicho hakuna akaunti, na sisi twajua vijana wetu walivyozungushwa. Februari 2025 Rais alitangaza kufuta ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Vizuri. Lakini tangazo la jukwaani na karani wa dirishani ni vitu viwili, mkizungushwa andikeni tarehe na ofisi. Na Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba iliyopelekwa na Nubian Rights Forum pamoja na wengine, Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo mpaka kuwe na kanuni za kutosha. Wanubi ni jamii ndogo. Hawakungoja kuwa wengi ndipo waulize.

Njia ya kuuliza ipo. Ibara ya 35 yakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imesema jinsi. Waandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa ni lazima amwandikie. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Wana siku 21 za kujibu, na wakinyamaza, sheria yahesabu kwamba wamekukatalia, nawe una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawakuiona, na mtakuwa mmeanza upya.

Na upande wa kaunti, angalieni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ukilalamika Juni, pesa zishagawanywa.

Barua mbili ziko tayari hapa mezani. Moja ni ya wizara, yauliza vituo 6 vya Garsen, wadi kwa wadi. Ya pili ni ya kaunti, yauliza vyuo vya ufundi vina kompyuta ngapi na walimu wangapi. Twataka watu watano wa kutia sahihi, wawili wawe akina mama, na kijana mmoja mwenye pikipiki azipeleke kesho asubuhi. Siku ya 21 tukutane tena hapa hapa, baada ya Alasiri, na majibu au bila majibu.