Maneno ya Kiingereza ya Kuinama



Sisi tutafsirio barua za Kiingereza twapata taabu kwa maneno ambayo kwetu yote huwa "kuinama" tu. "Tilt" ni jepesi, ni kuinamisha kitu upande, kama mtungi wa maji. "Lean" mara ni kuegemea, mara siyo: mnara wa Pisa, ulioanza kujengwa mwaka 1173, hauegemei kitu, umeinama kwa kuwa ardhi yake ni laini.

Taabu kubwa ni katika vyombo vya bahari (ndugu wa bara mtuvumilie). Chombo kikilazwa na upepo, hata upepo ukipungua kikainuka tena, hiyo ni "heel". Kikilala upande hata bahari ikiwa shwari, kwa kuwa shehena imehama au maji yameingia, hiyo ni "list". Basi mkalimani akiyachanganya mbele ya hakimu, nahodha aliyepigwa na upepo ataonekana kuwa alipakia vibaya.

Wala "heel" si jambo dogo. Tarehe 10 Agosti 1628, huko Stockholm, merikebu ya vita Vasa ililazwa na upepo, ikainuka, ikalazwa tena. Maji yakaingia madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama kabla ya kufika maili moja. Upepo ulikuwa mdogo. Merikebu ilikuwa nzito mno juu.

Sisi huandika "kililazwa na upepo" kwa "heel", na "kimelala kwa shehena" au "kwa maji" kwa "list". Asiyejua sababu na amwulize nahodha kabla hajaandika.