Tiketi za Uwanjani: Nani Auze?

Suala letu ni tiketi za mpira. Katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wenye viti 60,000, ambako uuzaji uliwahi kukabidhiwa kampuni binafsi, shabiki sasa huingia kwa N-Card, mfumo wa serikali, ambayo ndiyo mmiliki wa uwanja. Kwa upande mmoja, mwenye uwanja auzapo mwenyewe, ujira wa wakala hubaki hazinani mwake. Kwa upande wa pili, wakala ana vibanda mitaani, ilhali kwa N-Card mkulima wa migomba asiye na kadi wala simu huweza kuzuiwa mlangoni hali fedha anazo mkononi. Na hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma. Je, Uwanja wa Ushirika hapa Moshi ukiuza wenyewe, utamwachia mkulima huyo dirisha la fedha taslimu?