KIJANA AKIULIZWA FUMBO LA HESABU KATIKA MAHOJIANO YA KAZI
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira)

 

Leo sisemi juu ya mbolea wala ng'ombe wa gredi. Nasema juu ya watoto wetu waliosomea kompyuta. Tumeuza majani chai na ndizi, tumefanya harambee, karo ikalipwa. Kijana akaitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi ya kuandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta hufuata. Kumbe mle ndani haulizwi cheti tu, anapewa fumbo la hesabu! Wangu alirudi nyumbani bila kazi, nami nikamwambia, "Pesa yangu imepotea bure." Alinyamaza wiki nzima. Nilikosea, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Kwanza, fumbo hilo ni la namna gani? Hebu tujaribu moja. Kikundi kina watu 20. Kila mtu amsalimie kila mwenzake kwa mkono, mara moja tu. Ni salamu ngapi? Nasikia mmoja anasema 400, mwingine 380. Twende pole pole. Kila mtu ana wenzake 19. 20 mara 19 ni 380. Lakini nikimsalimia mama mweka hazina, yeye naye amenisalimia. Salamu hiyo moja tumeihesabu mara mbili. Basi tugawanye kwa mbili: 190.

Na tukiwa 40? Si 380. Ni 40 mara 39, gawanya kwa mbili: 780. Watu wameongezeka mara mbili, salamu zimepita mara nne! Hapo ndipo faida ya swali. Tuseme programu inatafuta mtu aliyeandikishwa mara mbili, ikilinganisha kila jina na kila jina lingine. Kwa majina 20 ni kazi ndogo. Kwa majina laki moja, ni kulinganisha karibu mara bilioni 5. Mwandishi mwenye akili huona hayo mapema. Huyapanga majina kwanza kwa alfabeti, ndipo yanayofanana yakae jirani.

Pili, mwulizaji hataki jibu peke yake. Anataka kusikia njia. Na hapa tuna shida. Sisi tumemfundisha mtoto kunyamaza mbele ya wakubwa. Ni adabu njema, lakini akinyamaza dakika 10 mle ofisini, mwulizaji atajuaje kama anafikiri ama amekwama?

Tatu, kushindwa na fumbo si kukosa akili. Mwaka wa 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba vitendawili kama kukisia mipira mingapi ya gofu itajaa ndani ya ndege ni kupoteza wakati. Havionyeshi nani atafanya kazi vizuri. Lakini maswali ya kufikiri kama lile la salamu bado yako, kwa hiyo tujitayarishe.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Kila mkutano, tumpe kijana dakika 15. Alete fumbo moja, alitatue mbele yetu kwa sauti. Sisi tuulize, "Kwa nini?" Hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo.

2. Azoee kuuliza kabla ya kujibu. Nehemia alizunguka kuta za Yerusalemu usiku na kuzikagua, ndipo akawaita watu wajenge.

3. Aanze na namba ndogo. Watu 2, salamu 1. Watu 3, salamu 3. Watu 4, salamu 6. Njia itaonekana.

4. Mtu akija kuuza majibu ya mahojiano ama nafasi ya kazi, msitoe hata shilingi. Mwajiri wa kweli hauzi kazi.

5. Akirudi bila kazi, mpe chai kwanza. Halafu mwambie, "Hebu nionyeshe lile swali." Mimi sikufanya hivyo siku ile. Ninyi mfanye.

Nawaachia kazi ya nyumbani: tukiwa watu 12, salamu ni ngapi? Atakayejibu aeleze na njia. Mungu awabariki.